Sura ya Saba: Chupa Namba Arobaini na Moja

Lekoko alinyoosha mikono yote miwili kabla hajaombwa mara ya pili, akaigeuza, viganja juu kisha chini. Inspekta Eva Qamara aliushika mkono mmoja baada ya mwingine, akautazama kidole kwa kidole. Ilikuwa mikono ya mfugaji, yenye sugu za fimbo na kovu la kisu kwenye kidole gumba. Hapakuwa na lengelenge wala ngozi iliyobabuka.

"Umeona unachotafuta, mama askari?" mzee aliuliza.

"Bado."

Jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda Kakesio, na ng'ombe walikuwa hawajatolewa bomani. Eva na dereva wake, Koplo Parmuat, walikuwa wamelala Endulen ili wamkute mzee huyu kabla hajaondoka na mifugo. Parmuat alikuwa Mmaasai wa hukohuko Ngorongoro na alikuja tayari kutafsiri, lakini Lekoko alikuwa na Kiswahili chake, kidogo na kilichonyooka.

Ilikuwa siku ya tatu tangu muuguzi Hyasinta akutwe amekufa katika kliniki moja ya utafiti mjini Karatu. Kliniki hiyo ilichunguza wanaume wasiopata watoto. Sampuli zao ziliwekwa kwenye vichupa vidogo ndani ya mtungi wa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Jumanne mchana mtu fulani aliupindua mtungi huo. Naitrojeni ilimwagika, ikafuka, ikajaa chumbani na kuisukuma nje hewa ya kupumulia. Hyasinta aliingia, akapiga magoti kuokota vichupa vilivyotawanyika sakafuni, na hakuinuka tena. Aliyeupindua aliacha alama moja tu, nayo ni kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha, kilichogandia kwenye mpini wa chuma ndani ya mtungi. Baridi ile huunguza kama moto.

Kwa hiyo Eva alikuwa akitafuta mikono.

"Mlinzi anasema Jumanne ulitoka kliniki umekasirika, unapiga fimbo chini," alisema.

"Nilikasirika, ndiyo."

"Kwa sababu ya barua uliyopewa."

"Barua ilisema sina mbegu. Daktari alinisomea."

"Na hapa nyumbani una watoto watano."

"Sita. Mmoja amezaliwa juzi juzi, mvua za vuli."

Parmuat alikohoa, akaangalia pembeni. Eva hakuangalia pembeni. "Mzee, mtu mwenye watoto sita akiandikiwa barua kama hiyo, wengine watafikiri angependa ipotee, na vichupa vyake vipotee nayo."

Lekoko alimkagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni Mmbulu, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi nakusamehe. Mama zao niliwatolea ng'ombe. Mtoto anayezaliwa bomani kwangu ananiita baba, na siku nikifa atagawana ng'ombe wangu na wenzake. Nani atakuja na karatasi kutoka Karatu aniambie si wangu? Watu wa rika langu wote nimeshawaambia habari ya barua. Muulize yeyote hapa, hata huyo koplo wako anajua nasema nini."

"Ni kweli, afande," Parmuat alisema taratibu. "Hapa jambo hilo haliui mtu."

"Sasa hasira zilikuwa za nini?"

"Nilipokuwa moran tuliugua wanne, shingo zikavimba, halafu na huku chini kukavimba. Niliwauliza, je, ni ule ugonjwa ulioniharibu? Nina vijana, nataka kujua niwalinde na nini. Wakasema wanatafuta bado, nisubiri mwaka. Nimesafiri siku nzima kwenda kuambiwa nisubiri mwaka." Alinyanyua fimbo yake kutoka ardhini. "Na saa sita mchana Jumanne nilikuwa geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini. Gari letu liliharibika pale. Askari wa geti walinipa chai, waulize."

Parmuat aliandika kila kitu kwenye daftari, na wakaagana na mzee kwa heshima. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu hakuwa ameficha chochote, na Eva alijua kwamba amepoteza siku mbili kwa kulipima boma la mwenzake kwa kipimo cha nyumbani kwao. Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwa sababu wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe.

Mtandao ulipatikana juu ya kilima kimoja kabla ya kurudi Endulen. Parmuat alipiga getini kwanza, na askari wa zamu akakumbuka gari, chai, na mzee mwenye fimbo. Kisha simu ya Eva ikaita. Alikuwa mkuu wake, mkuu wa upelelezi wa wilaya.

"Rudi, Eva. Tumempata."

"Nani, afande?"

"Martini, mkulima wa Mbulumbulu. Jana jioni wamemaliza kuhesabu vichupa. Vyote vipo isipokuwa kimoja, namba arobaini na moja, na namba hiyo ni yake. Ana miaka saba ya ndoa na hana mtoto. Hakutaka ijulikane kuwa tatizo ni lake. Anasema Jumanne alikuwa shambani kwenye ngano, peke yake. Kesho asubuhi nampeleka mahakamani."

"Kwa kosa gani?"

"Mauaji. Kwani kuna lingine?"

Eva alijua maana yake. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu anaweza kuingia mahabusu ngano yake ikiwa changa, akatoka wenzake wamevuna mara tatu, hata kama mwisho wake ataambiwa hana hatia.

"Mikono yake ikoje?"

"Ina sugu za jembe. Labda alivaa glavu."

"Mwenye glavu haachi ngozi, afande."

"Majibu ya hiyo ngozi yatachukua wiki tatu, na mimi nina familia ya marehemu inayotaka kuzika kesho na kusikia kwamba kuna mtu ameshikwa. Kama una mwingine, niletee kabla ya asubuhi." Simu ikakatika.

Walifika Karatu saa nane kasoro, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope. Parmuat alibaki kununua mafuta, na Eva akaingia kliniki moja kwa moja ofisini kwa Daktari Namelok, mkuu wa utafiti. Daktari huyu alizaliwa Oloipiri, akasoma mbali, akarudi na sifa nyingi. Leo alikuwa amekaa na kikombe cha chai kilichopoa, macho mekundu.

"Martini alikuwa anajua nini kuhusu kichupa chake?" Eva alimuuliza.

"Kila kitu. Tuliwaeleza wote, wakasaini. Sehemu moja ya sampuli ilishakwenda kupimwa mwezi uliopita, na iliyobaki ndiyo tuliyoihifadhi mtunguni."

"Kwa hiyo mtu anayetaka kuficha majibu asingefaidika kitu kwa kukichukua kichupa."

"Asingefaidika chochote. Majibu yalikuwa njiani."

Eva aliliandika hilo, akalipigia mstari. Kama Martini alijua, basi Martini hakuwa na sababu. Aliyechukua kichupa hakuwa anayatafuta majibu. Alikuwa anakitaka kichupa chenyewe.

"Ndani yake kuna nini hasa? Mbegu?"

"Kwake hamna hata moja. Kuna majimaji tu. Sisi hatutafuti mbegu, Inspekta, tunatafuta vitu vidogo kuliko mbegu. Ni molekuli za RNA, zile fupi kabisa. Zamani wataalamu walizidharau. Sasa tunajua ndizo zinazosimamia kazi ya kutengeneza mbegu, hili lifanyike na lile lisimame, na kila kiungo kina za kwake. Korodani ina zake, mirija inayopevusha mbegu ina zake. Zote zinashuka pamoja na majimaji, kwa hiyo ukizisoma unajua zimetoka wapi."

"Na ukizisoma unagundua nini?"

"Chukua wanaume wawili wasio na mbegu. Mmoja korodani zake zimelala. Huyo atakosa alama za korodani, ila za mirija utaziona. Wa pili korodani zinafanya kazi vizuri, ila njia imezibwa. Huyo atakosa alama zote mbili, maana hakuna kinachopita. Kwa macho wanafanana kabisa. Lakini wa kwanza ni vigumu kumsaidia, na wa pili, mara nyingi, daktari wa upasuaji anaweza kumsaidia."

"Martini ni yupi?"

Daktari alitikisa kichwa. Siri ya mgonjwa ni siri, na Eva hakumharakisha. Alimwekea mezani karatasi aliyoichukua kituoni walipopita, ambayo Martini alikuwa ameisaini mahabusu asubuhi ile, inayoruhusu polisi waelezwe.

"Wa pili," Namelok alisema hatimaye. "Majibu yalifika Jumanne asubuhi. Ni majibu ya kipimo kimoja tu, na mimi sitaki kumpa mtu matumaini halafu nimnyang'anye. Nikataka kipimo cha pili kabla ya kumwita." Alikigusa kikombe bila kukinyanyua. "Nikamtuma Hyasinta akachukue namba arobaini na moja. Alifurahi, wanatoka kijiji kimoja. Mimi ndiye niliyemtuma mle, Inspekta."

Eva aliuliza alilokuwa anaweza kuuliza. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Alitoka kwanza kunawa mikono, akaacha mlango wa chumba wazi. Dakika kumi hivi."

"Na kichupa kikitolewa kwenye baridi?"

"RNA inaharibika haraka, kama maziwa juani. Mpaka jioni hakifai kwa lolote."

Mlinzi wa getini aliitwa Adrian, mtu mzima, nadhifu, anayekipenda kitabu chake cha wageni kama padri anavyopenda kitabu chake cha misa. Alikifungua ukurasa wa Jumanne. Majina yalikuwa tisa, na polisi walikuwa wameshawahoji wote tisa, Lekoko akiwa wa mwisho. Martini hakuwemo.

"Wageni wote wanaandikwa humu?"

"Wote, afande. Hata waziri akija ataandika."

Eva alikirudisha kitabu. "Na Jumanne nani aliingia ambaye si mgeni?"

Adrian alifikiri. Ni swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Wafanyakazi. Na gari la maji. Na Mama Martini."

"Mama Martini?"

"Bibi Brigita, jirani yao Hyasinta kule Mbulumbulu. Kila Jumanne anamletea maziwa, na vyumba vyote anavifahamu. Huyo si mgeni, afande, nitamwandikaje?"

"Alitoka saa ngapi?"

"Saa saba kasoro, kama sikosei. Alipita haraka. Hata kibuyu chake cha maziwa alikisahau, hiki hapa."

Gari lilipanda kuelekea Mbulumbulu. Huku juu ngano ilikuwa kijani mpaka ukingo wa bonde, na ubaridi uliingia kwenye viungo. Parmuat ndiye aliyeanza kusema.

"Mama mzazi atake kuharibu mbegu ya mwanawe, afande? Haiingii akilini."

"Haiingii. Ndiyo maana tunakwenda kumuuliza."

Nyumbani kwao Hyasinta watu walikuwa wengi. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake walipika nyuma ya nyumba, na majirani walikuwa wakileta kuni na maji kwa zamu kama ilivyo desturi ya huko mtu anapofiwa. Eva alisalimia kwa Kiiraqw, lugha ya Wambulu, akatoa pole, akakaa na wanawake jikoni na kumenya viazi kama mwingine yeyote. Kuuliza si ujinga, lakini kunyamaza nako kuna faida yake.

Bibi Brigita alitokea njiani na mzigo wa kuni. Hakuubeba kwa mikono. Aliukumbatia kwa viwiko, vidole vyake vimefungwa vitambaa. Aliutua mbali na jiko, akabaki amesimama pale, nje ya uwanja.

"Maskini, alimwagikiwa na uji," mwanamke mmoja alimwambia Eva kwa sauti ya chini. "Na kuni analeta hivyo hivyo, siku ya tatu leo. Ila haingii ndani. Hata maji hanywi hapa. Tunadhani ni kwa ajili ya mwanawe kushikwa, anaona haya."

"Lakini kuni alianza kuleta kabla mwanawe hajashikwa," Eva alisema.

Mwanamke aliacha kumenya. Hakuwa amelifikiria hilo.

Eva aliinuka, akamfuata Brigita mpaka nyuma ya zizi. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, amejifunga rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kwa habari ya Martini."

"Nimekuja kwa habari ya mikono yako. Naomba niione."

Brigita hakubisha. Vitambaa vilifunguka, na chini yake kulikuwa na asali, na chini ya asali palikuwa pameiva.

"Uji ukimwagika unaunguza mgongo wa mkono," Eva alisema. "Wewe umeungua ndani ya vidole vinne, mstari mmoja, kama aliyeshika mpini. Lakini kabla hujanijibu, mama, sina budi kukuambia. Si lazima useme. Ukisema nitaandika, na nililoandika litasomwa mahakamani."

"Utaandika na kwamba Martini hakujua?"

"Nitaandika kila utakachosema."

Mama alikaa juu ya jiwe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye alikuwa ameubeba kwa muda mrefu sana kiasi kwamba kuutua kulimchukua muda.

"Martini aliniambia wameiweka mbegu yake kwenye baridi kuliko barafu. Nikamuuliza, kwa muda gani? Akasema hata miaka kumi inakaa. Binti yangu, mimi ni mkulima. Mwaka ule wa baridi kali nilipanda maharage mara mbili, na mara mbili yalioza ardhini. Hakuna mbegu inayoota baridini. Mkwe wangu Witness ana miaka saba hapa, na shemeji zake wameanza kusema arudishwe kwao. Zamani nilikuwa nasema ni kazi ya Mungu, tungoje. Tangu walipoifungia mle, nikaona sasa hata Mungu hana pa kuanzia."

"Kwa hiyo ulikwenda kuiharibu?"

"Kuiharibu?" Kwa mara ya kwanza alimtazama Eva usoni. "Nilikwenda kuitoa kwenye baridi."

Eva alihisi kalamu imekuwa nzito. Walikuwa wamemtafuta mtu mwenye aibu, mtu mwenye hasira, mtu wa kulipiza kisasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemtafuta mtu mwenye huruma.

"Kadi yake yenye namba nilikuwa nayo," Brigita aliendelea. "Mlango ulikuwa wazi. Nilivuta ule mpini, ukanishika mkono, ukakataa kuniachia. Nikauvuta kwa nguvu, mtungi ukaanguka, moshi ukajaa. Vichupa vilitawanyika, nikakiona cha namba yake, nikakitia kifuani nikatoka. Nilidhani nimemwaga maji yao tu. Nilisema nitamwomba Hyasinta msamaha Jumanne ijayo."

"Kichupa kiko wapi?"

"Nyumbani kwangu, jikoni. Nimekifukia kwenye majivu, kipate joto."

Parmuat alitumwa akakichukue, pamoja na mashahidi wawili na bahasha ya kielelezo. Eva aliandika maelezo, akamsomea mama neno kwa neno, na Brigita akaweka dole gumba, kidole pekee cha mkono ule ambacho hakikuwa na jeraha.

"Martini atatoka?"

"Leo hii. Nitampigia mkuu wangu sasa hivi."

"Na mimi?"

"Hukukusudia kumuua mtu. Nimeliandika hilo, na nitalisema mbele ya hakimu. Zaidi ya hapo sitakudanganya."

Brigita aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa hukumu ndogo kuliko aliyojipa. Eva alifunga daftari. Lilikuwa limebaki swali moja, nalo halikuwa la kesi, bali la ile njia iliyozibwa.

"Mama, Martini aliwahi kupasuliwa utotoni?"

"Ngiri. Pande zote mbili, akiwa na miaka sita. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Kwa nini?"

"Mwambie amweleze daktari hilo. Asisahau."

Brigita hakuwa mjinga. Alilitafakari swali, akaligeuza, na uso wake ukaanza kubadilika. "Hyasinta alikwenda kufanya nini mle chumbani? Ulikuwa muda wa chakula. Mimi nilichagua muda wa chakula makusudi, asiwepo."

Eva angeweza kusema hajui. Askari wengi wangesema hivyo, na pengine ingekuwa huruma. Lakini yule mama angelisikia mahakamani, kutoka kwa wakili, mbele za watu.

"Alitumwa kuchukua namba arobaini na moja," alisema. "Asubuhi ile yalikuja majibu ya Martini. Yanaonyesha huenda anatibika. Walitaka kupima tena wawe na hakika kabla ya kuwaambia."

Brigita hakulia. Alikaa na mikono yake wazi magotini, na Eva akakaa chini karibu naye, kwenye nyasi zenye unyevu, sare na yote. Walikaa hivyo mpaka waliposikia nyayo.

Alikuwa Sabina, mama yake Hyasinta. Alikuja polepole kutoka jikoni, macho yamevimba kwa siku tatu za kulia, ameshika sahani ya makande yanayofuka moshi.

"Mama Martini," alisema. "Kuni zako ndizo zinazonipikia, na wewe hujala kwangu tangu Jumanne. Mimi najua mwanao hakumuua Hyasinta. Nimewaambia wote. Kula."

Eva aliinuka ili aseme yeye. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Brigita alimzuia kwa kiwiko, akasimama mwenyewe.

"Iweke chini kwanza hiyo sahani, Mama Hyasinta," alisema. "Nisikilize. Nikimaliza, wewe ndiye utakayeamua kama bado ni yangu."

Sabina alimtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake. Aliinama, akaiweka sahani kwenye nyasi katikati yao, akangoja kusikia.